Maswali ya Wasomaji: Je, rehema ni kuondolewa adhabu tu?

SWALI: Bwana asifiwe, Mwalimu. Mimi ni mwanakamati katika ushirika wa akina mama wa kanisa letu hapa Umoja, Nairobi. Hivi majuzi tulikuwa na semina juu ya Heri za Mlimani, na mhubiri mgeni alipofika Mathayo 5:7, "Heri wenye rehema", alitupa mambo mawili tuyaandike katika madaftari yetu. La kwanza, kwamba neema ni kupewa kizuri usichostahili, na rehema ni kutopewa adhabu unayostahili. La pili, kwamba neno la Kigiriki la rehema, yaani eleos, limetokana na mafuta ya zeituni, kwa hiyo rehema ni mafuta ya Mungu yanayomwagwa juu ya kidonda. Niliporudi nyumbani nilifungua Hosea 6:6, mstari ambao Yesu aliunukuu, nikakuta umeandikwa "nataka fadhili" mahali ambapo Mathayo ameandika "nataka rehema". Je, ni neno moja au ni mawili? Na yale mawili ya mhubiri ni ya kweli? Tena kuna mama mwenzetu ambaye tangu siku ile hataki kutoa chochote kanisani, akisema kwamba Yesu mwenyewe anataka rehema wala si sadaka. Tafadhali tusaidie. Ni mimi Mama wa Umoja.

JIBU: Asante sana, Mama, kwa kuifungua Biblia mwenyewe baada ya semina kwisha. Nitaanza na mafuta, kwa sababu ndilo jambo lisilohitaji maneno mengi.

Neno la Kigiriki ni kweli eleos. Mafuta ya zeituni huitwa elaion, na mti wake elaia. Katika Kigiriki cha kale maneno haya yaliandikwa tofauti na kutamkwa tofauti; ni baadaye, sauti ya "ai" ilipogeuka ikawa "e", ndipo yalipoanza kukaribiana masikioni mwa watu, na hapo ikawa rahisi kwa mhubiri kuyaunganisha. Jina la mafuta limetoka katika jina la mti, na eleos halina asili yake katika mti huo. Yohane Krisostomo, aliyehubiri Antiokia na kisha Konstantinopoli, aliyaeleza mafuta ya wale wanawali kumi wa Mathayo 25 kuwa ni matendo ya kuwasaidia maskini, na hayo ni mafundisho mema kabisa. Lakini ni mafundisho juu ya mfano. Si historia ya neno. Hata Msamaria alipoyatia majeraha ya yule mtu mafuta na divai, Luka anatutajia dawa ya zama zile. Mhubiri wenu anaweza kuendelea kusema kwamba rehema hutuliza kama mafuta, ila asiseme kwamba kamusi ya Kigiriki ndiyo iliyomwambia hivyo.

Sasa Hosea. Swali lako hapo limegusa jambo lenyewe, na ningependa tukae nalo kidogo.

Nabii Hosea alisema kwa Kiebrania, katika karne ya nane kabla ya Kristo, na neno alilolitumia ni hesed. Hesed ni wema wa mtu aliyefungamana na mwenzake, iwe kwa agano, kwa ndoa, kwa udugu au kwa hisani aliyotendewa zamani. Ni wema usiomtupa mwenzake siku ya shida, hata pale ambapo hakuna baraza wala hakimu awezaye kumlazimisha mtu autende. Naomi alipowaaga wake wa wanawe katika nchi ya Moabu, aliwaombea Bwana awatendee hesed kama wao walivyowatendea wafu wao na yeye mwenyewe. Daudi, baada ya kuketi katika kiti cha enzi, aliuliza kama amesalia mtu yeyote wa nyumba ya Sauli, apate kumtendea hesed kwa ajili ya Yonathani, rafiki yake aliyekwisha kufa. Mefiboshethi aliyeletwa mbele yake alikuwa na kilema cha miguu, na hakuwa amemkosea Daudi neno lolote. Yalikuwepo maneno mawili tu: haja ya mmoja, na agano ambalo mwingine hakulisahau.

Wayahudi wa Aleksandria, huko Misri, walianza kuyatafsiri Maandiko yao kwa Kigiriki katika karne ya tatu kabla ya Kristo. Katika tafsiri hiyo, iitwayo Septuaginta, walipokutana na hesed mara nyingi sana waliweka eleos. Ndiyo maana Zaburi 136, yenye mistari 26 na kiitikio kile kile katika kila mstari, kwa Kigiriki inaitikia kwamba eleos yake ni ya milele, na katika Biblia yetu ya Union, iliyotolewa mwaka 1952, inaitikia "kwa maana fadhili zake ni za milele". Kwa jumla, hesed ya Agano la Kale imetufikia katika Union mara nyingi kama fadhili, na eleos ya Agano Jipya kama rehema au huruma. Kwa hiyo, Mama, ulichokiona katika Hosea na Mathayo ni usemi mmoja, uliotoka katika kinywa cha nabii ukapitia Kigiriki. Anayeusoma kwa Kiswahili bila kujua hilo hawezi kulaumiwa akidhani ni mambo mawili.

Neno letu wenyewe, rehema, limetoka katika Kiarabu, rahma, ambalo ni ndugu wa neno jingine la Kiebrania, rahamim, lenye mzizi mmoja na neno la tumbo la uzazi. Mzizi huo ndio uliotupa jina la mabinti wetu, Rehema, na ndio uliotupa neno marehemu, yaani aliyerehemiwa, ambalo tunalitamka kila siku katika matangazo ya vifo bila kukumbuka kwamba ni dua. Ni neno lenye upole mwingi. Ila halibebi peke yake ule uzito wa agano uliomo katika hesed, na ndiyo maana ni vizuri kusoma Mathayo na Hosea pamoja, kama ulivyofanya wewe.

Wagiriki wasiomjua Mungu wa Israeli walikuwa na eleos yao pia. Waathene walikuwa na madhabahu ya Eleos sokoni mwao, na Pausania, msafiri wa karne ya pili baada ya Kristo, aliandika kwamba miongoni mwa Wagiriki ni wao tu waliomheshimu. Aristotle, katika kitabu chake cha ufasaha wa kusema, alieleza eleos kuwa ni uchungu anaousikia mtu akiona baya linampata asiyestahili kupatwa nalo, baya ambalo yeye mwenyewe au watu wake wangeweza kupatwa nalo pia. Angalia hapo: asiyestahili. Kwa mwanafalsafa huyo mwenye hatia hakuwa na nafasi katika eleos, kwa maana anavuna alichopanda. Hapa ndipo Agano Jipya lilipopasua mpaka. Paulo, aliyekuwa mtukanaji na mwenye kuwaudhi watu wa Mungu, anasema katika 1 Timotheo 1:13 kwamba alipata rehema. Na Tito 3:5 inasema kwamba tuliokolewa kwa rehema ya Mungu, si kwa sababu ya matendo ya haki tuliyoyatenda sisi.

Basi ile kanuni ya mhubiri wenu, kwamba rehema ni kutopewa adhabu unayostahili, imeshika ukweli huo. Sitaki uichane kurasa ile ya daftari. Taabu yake ni kwamba imechukua chumba kimoja ikakiita nyumba nzima.

Nadhani inatuingia kwa urahisi kwa sababu ya namna tunavyolisikia neno hili katika mambo ya serikali. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 133, inampa Rais mamlaka ya kumwonea mfungwa huruma, kwa ushauri wa kamati maalumu, akamsamehe au akampunguzia kifungo. Tukisikia habari hiyo ya wafungwa kutoka gerezani, kisha tukasoma "Heri wenye rehema", fikira zinakwenda moja kwa moja mahakamani: yuko mkosaji, iko adhabu, na yuko mwenye uwezo wa kuizuia.

Lakini hebu sikiliza ni nani katika Injili wanaolia "unirehemu". Bartimayo ameketi kando ya njia nje ya Yeriko, ni kipofu, anaomba. Analia, "Mwana wa Daudi, Yesu, unirehemu." Yesu hamwulizi amefanya kosa gani, anamwuliza anataka afanyiwe nini, naye anajibu kwamba anataka kuona. Mwanamke Mkanaani wa Mathayo 15 analia maneno yale yale kwa sababu ya binti yake anayeteswa na pepo. Wakoma kumi wanasimama mbali, wanapaza sauti, "uturehemu". Elisabeti anapojifungua mtoto katika uzee wake, jirani na jamaa zake wanafurahi kwamba Bwana amemwongezea rehema. Epafrodito anaugua karibu na kufa, anapona, na Paulo anawaandikia Wafilipi kwamba Mungu alimhurumia. Katika habari hizi zote neno la Kigiriki ni eleos au kitenzi chake, na hakuna hata moja iliyo na adhabu iliyoahirishwa. Iko haja, na yuko mwenye uwezo wa kuitimiza ambaye haja hiyo imemgusa akatenda.

Mahali panaponifundisha zaidi kuliko pote ni Luka 10. Katika Kiswahili, mstari wa 33 unasema kwamba Msamaria alipomwona yule mtu "alimhurumia", na katika mstari wa 37 mwanasheria anajibu kwamba jirani ni "huyo aliyemwonea huruma". Sisi tunasikia huruma mara mbili. Kwa Kigiriki ni mambo mawili. Mstari wa 33 una kitenzi esplanchnisthe, kinachotokana na splanchna, yaani moyo, ini, mapafu na viungo vingine vya ndani: alipomwona, matumbo yake yalisukasuka. Waswahili, tunaosema kwamba mtu amekatwa maini, hatuhitaji kufafanuliwa sana. Kitenzi hicho kinapatikana mara 12 katika Agano Jipya lote, katika Injili za Mathayo, Marko na Luka tu, na kinasemwa juu ya Yesu, au na mtu anayemlilia Yesu, au katika mifano yake. Lakini mstari wa 37, neno kwa neno, unasema "yule aliyefanya eleos pamoja naye". Usemi huo, kufanya eleos pamoja na mtu, ni usemi wa Septuaginta; ndio alioutumia Naomi kwa wakwe zake na Daudi kwa ajili ya Yonathani. Ndio pia ulioko katika wimbo wa Zakaria, Luka 1:72, na pale Union imeutafsiri vyema: "Ili kuwatendea rehema baba zetu, na kulikumbuka agano lake takatifu."

Kwa hiyo kati ya mstari wa 33 na wa 37 kuna safari. Katikati yake Luka ameweka vitenzi vingi vya mikono: alikaribia, akamfunga jeraha, akamimina mafuta na divai, akampandisha juu ya mnyama wake, akamleta nyumba ya wageni, akamtunza, na siku ya pili akatoa dinari mbili, yaani ujira wa siku mbili, akamwambia mwenye nyumba kwamba chochote atakachogharimiwa zaidi atamlipa akirudi. Mtu akigongwa na pikipiki asubuhi pale Jogoo Road, umati hukusanyika mara moja. Wengi husema "woi" na "pole" kwa moyo wa kweli kabisa, wengine huinua simu wakapiga picha, na baada ya dakika chache kila mmoja anakumbuka kwamba amechelewa kazini. Ni mmoja tu anayemsimamisha mwenye tuk-tuk, akampakata yule aliyeumia ili kichwa chake kisigonge chuma, akafika naye hospitali, na pale dirishani akaulizwa nani atakayelipa malipo ya kwanza ili mgonjwa apokelewe. Akitoa simu yake akalipa kwa M-Pesa, akaacha na nambari yake kwa deni litakalosalia, amefika mstari wa 37. Wale wengine hawakuwa watu wabaya. Waliishia mstari wa 33.

Ndiyo maana naona kwamba Mathayo 5:7 haisemi tu "heri wasioadhibu". Inasema heri watu ambao tabia yao ni kutenda eleos. Kusamehe kumo, tena kwa nguvu. Katika Mathayo 18 mtumwa mmoja alidaiwa talanta 10,000 akasamehewa, kisha akamkaba koo mjoli wake, yaani mtumwa mwenzake, kwa dinari 100. Talanta moja ilihesabiwa kuwa dinari 6,000, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa shamba kwa siku. Deni alilosamehewa lilikuwa dinari milioni 60. Bwana wake alimwuliza kwa kitenzi hicho hicho cha eleos: haikukupasa kumrehemu mjoli wako, kama mimi nilivyokurehemu wewe? Hata hapo, ukitazama, hasira ya bwana haikuwa juu ya kanuni ya sheria iliyovunjwa. Kumdai mwenzako dinari 100 ni halali. Alichokosa mtumwa yule ni kutambua kwamba yeye na mjoli wake wamekwisha kufungamana kwa wema waliotendewa na bwana mmoja.

Na sasa yule mama mwenzenu na sadaka. Naomba mzungumze naye kwa upole, kwa sababu kosa si lake peke yake. Kiswahili chetu kimempa neno moja mahali ambapo Kigiriki kina mawili. "Nataka rehema, wala si sadaka": sadaka hiyo kwa Kigiriki ni thysia, yaani mnyama au kitu kingine kilichotolewa madhabahuni. Lakini Yesu anapofundisha katika Mathayo 6:2, "utoapo sadaka, usipige panda mbele yako", neno ni eleemosyne, na hilo ni mtoto wa eleos, limezaliwa humo humo. Sadaka nyingi za Dorkasi wa Yafa, aliyewashonea wajane kanzu na mavazi, ni eleemosyne. Sadaka za Kornelio zilizofika mbele za Mungu ni eleemosyne. Kwa Kigiriki huwezi kabisa kumpa maskini ukaambiwa kwamba umetoa sadaka mahali pa rehema, kwa kuwa kumpa maskini kunaitwa kwa jina la rehema.

Isitoshe, Yesu aliyanena maneno ya Hosea mara mbili, na mara zote mbili hakuna chombo cha matoleo kilichokuwa kikipitishwa. Katika Mathayo 9 yuko mezani na watoza ushuru, na wakubwa wa dini wanauliza kwa nini anakula nao. Katika Mathayo 12 wanafunzi wake wana njaa, wamevunja masuke siku ya sabato. Mara zote mbili eleos inasimama upande wa mtu mwenye haja, dhidi ya wale wanaoitumia ibada kumfungia mlango. Na kama mama huyo anataka neno la Yesu mwenyewe juu ya kutoa, asome Mathayo 23:23, ambapo waandishi na Mafarisayo wanatoa zaka hata za mnanaa, bizari na jira, huku wameacha adili, rehema na imani. Rehema hapo ni eleos. Hukumu yake ni hii: "hayo imewapasa kuyafanya, wala yale mengine msiyaache." Ninaongeza, na hili ni langu, kwamba kanisa likikusanya matoleo kila Jumapili na mjane wa mtaa huo huo akalala njaa, mama huyo ana haki ya kuuliza swali lake kwa sauti. Ila aliulize akiwa bado anatoa.

SWALI: Katika Misa ya Kiswahili tunaimba "Bwana utuhurumie", lakini katika sikukuu kwaya yetu huimba "Kyrie eleison". Nilidhani Misa ya zamani ilikuwa ya Kilatini, mbona hiki ni Kigiriki? Na je, ni maneno ya toba? Kijana wa kwaya, Kariobangi.

JIBU: Ni Kigiriki kweli, na eleison ni kitenzi cha eleos kwa namna ya kuomba. Kilio hicho kilikuwa kikiitikiwa katika ibada za mashariki kabla ya kuzoeleka katika Misa ya Kilatini, na Roma ilikipokea kama kilivyo bila kukitafsiri. Mwanamke mmoja mhujaji aitwaye Egeria, aliyefika Yerusalemu mwishoni mwa karne ya nne, aliandika kwamba katika sala ya jioni shemasi alitaja majina ya watu wa kuombewa, na watoto waliosimama hapo wakaitikia kila mara "Kyrie eleison". Akawaeleza wasomaji wake maana yake kwa Kilatini. Papa Gregori Mkuu, katika barua ya mwaka 598, alieleza kwamba Warumi hawakisemi kama Wagiriki wanavyokisema, na kwamba Roma huongeza "Christe eleison", jambo ambalo Wagiriki hawakulifanya.

Kuhusu toba: katika Misa yenu kimewekwa karibu na maungamo, kwa hiyo ni sawa kukiimba kwa moyo wa toba. Lakini nenda siku moja katika parokia ya Kiorthodoksi, mathalan upande wa Riruta, ambako kuna chuo chao cha mapadre chenye jina la Askofu Mkuu Makarios III wa Saiprasi, usikilize yanayoombwa. Shemasi anaomba amani ya dunia, hali njema ya hewa, mazao tele ya nchi, wasafiri wa baharini na wa nchi kavu, wagonjwa, wanaoteseka, waliofungwa. Na watu wanaitikia kila ombi kwa kilio kile kile. Hakuna mtu anayeomba mvua kwa kuwa amehukumiwa. Anamwomba Mungu afanye eleos pamoja naye, kama nilivyomweleza Mama wa Umoja hapo juu.

SWALI: Je, "kiti cha rehema" cha Waebrania 9:5 ni eleos pia? Msomaji, Kibera.

JIBU: Hapana. Kwa Kigiriki ni hilasterion, neno linalohusu kuondoa dhambi na kupatanisha. Ndilo neno la Warumi 3:25, ambapo Union imeandika "upatanisho". Katika Kiebrania ni kapporet, na Kutoka 25:17 inasema kilikuwa cha dhahabu safi, urefu wake dhiraa mbili na nusu, upana wake dhiraa moja na nusu, kimewekwa juu ya sanduku la agano. Hakikuwa kitu cha kukalia. Martin Luther ndiye aliyekiita kwa Kijerumani kiti cha neema, William Tyndale akamfuata kwa Kiingereza akakiita kiti cha rehema, na jina hilo likaendelea kusafiri na Biblia hadi likatufikia.

Ukitaka kuona tofauti ya maneno haya mawili, soma Luka 18. Mtoza ushuru aliyesimama mbali hekaluni, akijipigapiga kifua, anaomba kwa kitenzi cha ukoo wa hilasterion, na watafsiri wa Union wakaandika kwa uangalifu, "uniwie radhi mimi mwenye dhambi". Katika sura hiyo hiyo kipofu wa Yeriko analia kwa kitenzi cha eleos, nao wakaandika "unirehemu". Huyu wa kwanza anataka dhambi yake iondolewe, huyu wa pili anataka macho. Maneno yenyewe hukutana katika sentensi moja, Waebrania 2:17, ambapo Yesu anaitwa kuhani mkuu "mwenye rehema", kwa neno la eleos, na kazi yake ya kufanya suluhu kwa dhambi za watu inatajwa kwa kitenzi cha mtoza ushuru.